Mpango wa dharura wa shule ni nini? Sheria za majimbo ya Marekani na mfano wa Texas

Kwa lugha ya sheria za Marekani, mpango wa dharura wa shule ni hati inayoandikwa kabla ya janga, ikieleza nani atafanya nini siku moto utakapozuka, kimbunga kitakapopiga, gesi itakapovuja au mtu mwenye silaha atakapoingia. Amri ya kuiandika haitoki Washington. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, hivyo shule ni jukumu la majimbo, na hakuna sheria ya taifa inayolazimisha kila wilaya ya shule, yaani mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma, iwe na mpango. Serikali kuu ilitoa mwongozo mwaka 2013, miezi michache baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, Connecticut, lakini mwongozo huo ni ushauri tu. Wenye kuamuru ni mabunge ya majimbo.

Ndiyo maana anayehama jimbo hukuta kanuni nyingine, na mara nyingi nyuma ya kanuni kuna msiba. California ilianza na hofu ya ardhi. Tetemeko la Long Beach la Machi 10, 1933 liliangusha shule nyingi, na iliyookoa watoto ni saa tu: lilipiga jioni, wakiwa wameshakwenda nyumbani. Mwezi mmoja baadaye ikapitishwa Sheria ya Field, inayotaka majengo ya shule za umma yasanifiwe kuhimili matetemeko. Texas nayo, mwaka 1937, gesi isiyo na harufu ililipuka chini ya shule ya New London na kuua watu karibu 300. Jimbo likaagiza gesi itiwe harufu kali, ya aina ile inayokushtua mtungi unapovuja jikoni.

Illinois inahesabu mazoezi. Kila mwaka wa masomo shule ifanye angalau matatu ya kutoka jengoni, moja la kutoka kwenye basi, moja la hali mbaya ya hewa na moja la kujifungia ndani dhidi ya mshambuliaji mwenye silaha, likishirikisha polisi. Marekebisho ya 2021 yakapiga marufuku zoezi hilo la mwisho kuigiza shambulio lenyewe. Kabla ya hapo, baadhi ya shule nchini humo zilikuwa zikitumia milio ya bunduki na majeruhi wa kuigiza mbele ya wanafunzi, jambo ambalo sioni linamfundisha mtoto nini zaidi ya woga.

Texas inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Sheria yake ya elimu, kifungu cha 37.108, inataka kila wilaya iwe na mpango unaogusa hatua tano: kuzuia, kupunguza madhara, kujiandaa, kukabili na kurejea hali ya kawaida. Usalama wa majengo ukaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu. Baada ya watu 10 kuuawa katika Shule ya Sekondari ya Santa Fe mwaka 2018, bunge likaongeza masharti mwaka uliofuata, mengine madogo lakini yenye akili: hata mwalimu anayeshikilia darasa kwa siku moja lazima awe na simu au chombo kingine cha kuombea msaada.

Mwaka 2020 kituo cha usalama wa shule cha jimbo kilipopitia sera za kukabili mshambuliaji, ni wilaya 200 hivi tu kati ya 1,022 zilizoonekana kuwa na sera inayofaa. Uvalde ilikuwa mojawapo ya hizo zilizofaulu.

Mei 24, 2022 watoto 19 na walimu wawili waliuawa humo humo Uvalde, katika Shule ya Msingi ya Robb. Kamati ya bunge la Texas iliyochunguza ilikuta mazoea ya kuacha milango wazi na kukwepa kufuli, na mlango wa darasa moja ambao watu walijua haufungi vizuri bila yeyote kuandikia fundi. Mpango ulimtaja mkuu wa polisi wa wilaya ya shule kuwa kamanda wa tukio. Siku hiyo hakuna aliyeshika uongozi. Maofisa 376 walifika, na ilipita zaidi ya saa moja kabla ya mshambuliaji kukabiliwa. Karatasi ilikuwa safi, kitasa kilikuwa kibovu.

Sheria ya 2023 ikaagiza kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha, jimbo likitoa dola 15,000 kwa shule na dola 10 kwa mwanafunzi. Wilaya nyingi ziliomba udhuru, zikisema fedha hazitoshi. Magazeti yalimwandika sana mlinzi huyo. Mimi ningemwandika mkaguzi, anayefika bila taarifa na kujaribu kama milango inafunguka.

Kwa familia za Waswahili na Wakongo zilizohamia huko, sheria hizi hufika kama ujumbe wa simu, na hapo maneno yanachanganya. Taarifa kwamba milango ya nje imefungwa ina maana hatari iko nje ya jengo la shule, pengine polisi wanamfukuza mtu mtaani, na masomo yanaendelea. Amri ya kujifungia ni nzito zaidi: hatari iko ndani au inadhaniwa iko ndani, taa zimezimwa, watoto wamekaa kimya pasipoonekana kutoka mlangoni. Ujumbe wa namna zote mbili huweza kuwa wa zoezi, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kuwasha gari.

Likitokea tukio la kweli, usikimbilie shuleni. Mpango huwa umetenga mahali pengine pa kukabidhi watoto kwa wazazi. Hapo huombwa kitambulisho, na mtoto hukabidhiwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu tu. Kwa hiyo kama ni mama mdogo au mjomba anayewachukua watoto siku za kazi, jina lake liandikwe mapema, kwa tahajia na mpangilio ule ule ulio kwenye kitambulisho chake.