Maana ya usalama na afya kazini kwa fundi wa sola

Fundi wa umeme wa nyumbani hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: zima, pima, ndipo uguse. Akihamia kwenye sola, hatua ya kwanza inamponyoka. Paneli haina pa kuzimia. Mwanga ukiipata tu inazalisha, iwe imeshafungwa juu ya paa, imeegemezwa ukutani ikisubiri zamu yake, au imelazwa chali nyuma ya pikapu. Kwa hiyo usalama na afya kazini, dhana ambayo kwingine watu huiona kama habari ya kofia na mabango, kwa wafungaji wa nishati jadidifu inaanza na swali gumu zaidi: utafanyaje kazi salama na kitu ambacho hakikusikii ukikiambia kilale?

Kwanza tuyatenganishe maneno yenyewe. Usalama unahusu ajali ya ghafla: kuanguka, kupigwa shoti, kuungua, kuangukiwa na kitu. Afya inahusu kile kinachomla mtu polepole, kama mgongo uliochoshwa na kubeba, au vumbi la asbesto linalotoka kwenye paa kuukuu linapotobolewa, ambalo madhara yake hujitokeza miaka mingi baadaye, fundi akiwa hata hakumbuki ni paa lipi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unayaweka yote mawili pamoja, na Juni 2022 mazingira salama na yenye afya ya kazi yaliingizwa rasmi kwenye orodha ya shirika hilo ya haki za msingi kazini. Ndani ya mkataba huo mna vipengele viwili ambavyo ningependa kila kibarua wa sola avijue. Mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba maisha au afya yake iko katika hatari kubwa na ya karibu, hapaswi kuadhibiwa. Na hatua za usalama hazipaswi kumgharimu mfanyakazi chochote. Kukata pesa ya mkanda wa usalama kwenye ujira wa kijana anayepanda paa kunakwenda kinyume kabisa na hilo.

Wataalamu hutofautisha kihatarishi na uwezekano wa madhara. Paa lenye mteremko ni kihatarishi. Uwezekano wa kuanguka unategemea kama limelowa, kama pembeni pana kizuizi, kama fundi amebeba kitu mikononi. Udhibiti nao una mpangilio wake: anza kwa kukiondoa kihatarishi chenyewe, ukishindwa weka kitu cha kukutenga nacho, kisha panga utaratibu wa kazi, na mwisho kabisa ndipo uvae vifaa vya kujikinga. Watu wengi huusoma mpangilio huu kwa kuanzia chini. Wanapiga picha wamevaa helmeti zinazong'aa, huku kila boliti inayoweza kufungwa ardhini ikipandishwa kufungiwa juu. Kumbe kupunguza saa za kukaa juu ya paa kunaokoa watu wengi kuliko helmeti hizo.

Sasa turudi kwenye umeme, kwa maana hapo ndipo mazoea huponza. Paneli moja ya kawaida ya nyumbani hutoa volti 40 hadi 50 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Unganisha 10 kwa mfululizo, umeshafika 400 au zaidi. Mifumo mikubwa hufika volti 1,000, na mashamba ya sola 1,500. Tena zile namba zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zimepimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25. Seli zikipoa, volti hupanda, takribani asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Asubuhi yenye baridi na anga safi ndiyo inayoua inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani, ikiwa imepangiwa volti za kubahatisha.

Halafu umeme huu ni wa DC, mkondo mnyoofu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu; ule wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea swichi inapofunguliwa hupata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu hauna sifuri ya kupitia. Fundi akichomoa konekta wakati mfumo unafanya kazi, umeme huruka pengo na kuendelea kuwaka hewani, mwanga ule ule mkali wa kuchomelea vyuma, sentimita chache kutoka usoni. Anachokiona kwanza ni plastiki ikiyeyuka na kumwagikia vidoleni. Akishtuka na kurudi nyuma hatua moja, yuko juu ya paa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Shoti ya paneli moja pengine isingemuua mtu aliyesimama ardhini. Juu ya bati, kushtuka tu kunatosha.

Utaratibu salama una mfuatano wake. Zima inveta kwanza ili mzigo uondoke, kisha swichi ya DC, ile mafundi wanayoiita aisoleta. Pima waya kwa mita inayoubana kwa nje, uhakikishe hakuna mkondo unaopita. Ndipo utenganishe konekta. Weka kufuli kwenye swichi pamoja na kibao chenye jina lako, kwa sababu kuna mtu atapita chini, aone imezimwa, aiwashe kwa nia njema kabisa. Ukitaka kufungua inveta yenyewe, subiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo yake, maana kapasita za ndani hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Kufunika paneli kwa turubai zito husaidia, ila upepo ukilibeba, umeme umerudi papo hapo.

Wala usiitegemee fyuzi kama ulivyozoea. Paneli ikipata shoti, yaani waya zake mbili zikigusana, mkondo wake hupanda kidogo tu juu ya ule wa kawaida, kwa hiyo fyuzi inaweza isikatike huku waya unapata moto taratibu. Chanzo kingine cha moto ni konekta za watengenezaji tofauti zilizolazimishwa kuoana. Zinaingiana vizuri na kulia "tak", lakini chuma cha ndani hakigusani sawasawa.

Betri hudharauliwa kwa sababu ni volti 12. Kweli, volti 12 hazikupigi shoti. Lakini spana ikidondoka na kulala kati ya vichwa viwili vya betri kubwa, hupita mkondo unaoweza kufika maelfu ya ampea, na spana inawaka nyekundu. Ikiwa kilicholala hapo ni pete ya ndoa, kidole ndicho kinachoungua. Vua pete na saa, na vishikio vya spana uvizungushie teipu ya umeme kama huna zile za kuhami. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa hidrojeni, na hewa ikifikisha asilimia 4 ya gesi hiyo inaweza kulipuka, kwa hiyo chumba chake kiwe na matundu juu, kwani hidrojeni hupanda. Ukichanganya asidi, mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Za lithiamu hazina adha hizo za gesi na asidi, ila ikivimba au ikibonyea usiichaji tena.

Kuanguka, hata hivyo, ndiko tishio kubwa zaidi la kazi hii. Paneli ina kilo 20 na zaidi, na eneo la mita mraba mbili hivi. Upepo ukiikuta mikononi inageuka tanga. Ibebwe na watu wawili, na upepo ukizidi kazi isimame. Ngazi isimame kwa kipimo cha nne kwa moja, yaani kila mita nne za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita moja, na kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa mita moja. Karatasi zile angavu za kuingiza mwanga hazibebi mtu, hasa zikishapakwa rangi na kufanana na bati lililobaki. Kuhusu mkanda, swali langu kwa fundi huwa si kama anao. Ni umefungwa wapi, na nani atamshusha akining'inia. Mtu akining'inia bila kusogea damu hujikusanya miguuni, kwa hiyo hawezi kuachwa pale mpaka msaada utoke mbali.

Jua lenyewe nalo lihesabiwe. Fundi anayeanza kujibu maswali ovyo saa nane mchana anahitaji kushushwa, awekwe kivulini na kumwagiwa maji mara moja. Joto likifika kuvuruga akili, hapo si uchovu tena.

Kwenye mitambo ya upepo swali la uokoaji ni kubwa zaidi. Mwaka 2013 mafundi wawili walikufa Ooltgensplaat, Uholanzi, moto ulipowazuia kushuka. Kwenye bayogesi adui ni gesi inayonuka kama yai viza kisha, ikizidi, inaua uwezo wa pua kuinusa, na anayerukia shimoni kumwokoa mwenzake hufia humo humo.

Kazi ikiisha hubaki lebo. Kwenye swichi kuu paandikwe kwamba jengo lina sola na aisoleta iko wapi. Wazima moto wakifika mchana na kukata umeme wote wa jengo, waya ule unaoshuka kutoka paani hadi kwenye aisoleta bado una volti mia kadhaa, na utakuwa nazo mpaka jua lizame.