Huyu fuko mkubwa wa Bale anastahili kuangaliwa zaidi

Watu wakisikia Milima ya Bale kule Ethiopia wanamfikiria mbwa mwitu wa Ethiopia, yule mwekundu mwenye miguu mirefu, na sawa, amebaki mchache sana, chini ya 500 dunia nzima. Lakini anakula nini? Sisi tunaofanyia kazi panya wa milimani swali letu ni hilo, na jibu kwa sehemu kubwa ni fuko, tena fuko ambaye humpati kwingine popote, *Tachyoryctes macrocephalus*.

Mafuko wa mashambani wengi mnawajua, wale wanaotafuna mizizi. Huyu ni ndugu yao lakini mkubwa kweli, anaweza kufika karibu kilo moja, na macho yake yamekaa juu juu ya kichwa, kwa hiyo akichungulia tu kidogo mlangoni anakuona bila kutoa mwili. Anaishi kuanzia mita 3,000 hivi mpaka zaidi ya 4,100, na kwenye uwanda wa Sanetti, ule wa juu kabisa huko Bale, usiku barafu inashika majani, ndo maana anasubiri jua lipashe joto kwanza. Kisha anachomoza nusu mwili, anakata majani yaliyo karibu na shimo, anayavuta ndani haraka haraka halafu anaziba tundu kwa udongo. Majani ya pale yakiisha anafungua tundu jingine mbele. Na kuna kindege kidogo cha kahawia kinamfuata fuata kiokote wadudu kwenye udongo uliofukuliwa, kikishtuka na kupiga kelele fuko naye anazama. Huo ushirikiano mi naupenda sana!

Anavyochimba hivyo anageuza udongo, hewa na maji vinapenya, mimea mingine inapata pa kuota, yaani ule uwanda usingekuwa vile bila yeye.

Sasa shida. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemuweka huyu fuko kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na sababu kubwa ni mifugo, ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wengi mno huko juu, wanamaliza majani yale yale anayoyategemea na kwato zinagandamiza udongo. Bale ni hifadhi ya taifa tangu 1970 na mwaka 2023 imeingia urithi wa dunia wa UNESCO, ila watu wanaishi mle na ng'ombe ndo maisha yao, kuwafukuza tu si haki na sidhani kama kunafanya kazi. Mi naona kikubwa ni kukubaliana na wafugaji wenyewe maeneo yapi yapumzishwe na kwa miezi ipi, wakianza na mabonde yenye mafuko wengi. Mbwa mwitu wanachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kazi nzuri na iendelee, lakini chanjo haishibishi. Na joto likizidi kupanda huyu fuko hana pa kuhamia, kilele kirefu kuliko vyote vya Bale, Tullu Dimtu, ni mita 4,377 na juu ya hapo hakuna majani wala udongo, ni anga tu.