Fyuzi ya betri iliyohamishiwa buti inalinda nini?

Kuhamisha betri ni kuitoa chini ya boneti na kuifunga kwingine, mara nyingi ndani ya buti (sehemu ya mizigo nyuma ya gari), kisha kuiunga na stata, mota inayowasha injini, kwa waya mnene wa mita 4 hadi 5. Watu hufanya hivyo ili turbo na mabomba yake yapate nafasi, au kupeleka nyuma kilo 15 hivi kwenye gari lenye pua nzito. Maana hiyo haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni fyuzi.

Utasikia: "Nimeweka fyuzi ya ampea 250, ipo pale mbele karibu na stata." Ukiuliza inalinda nini, mmoja atasema stata, mwingine atasema betri. Jamani, fyuzi hiyo inalinda waya.

Kwenye magari mengi waya wa stata hutoka kiwandani bila fyuzi, kwa sababu ni mfupi na umeshikwa mbali na bati. Ukihamisha betri, waya uleule sasa unapita chini ya kapeti, kando ya bolti za viti, hadi kwenye bati linalotenganisha injini na abiria. Hapo kwenye bati ndipo balaa huanzia. Fundi ametoboa tundu, hakuweka raba, na kila injini inapotikisika ukingo wa tundu unakwangua ganda la waya. Siku shaba ikigusa bodi, betri ya kawaida ya volti 12 inaweza kusukuma zaidi ya ampea 1,000. Waya unapata moto mwekundu, na kapeti iko juu yake.

Sasa fuata njia ya umeme: unatoka chanya ya betri, unafika palipochubuka, unaingia kwenye bodi, unarudi hasi. Fyuzi iliyo karibu na stata iko ng'ambo ya palipochubuka. Umeme wa betri haupiti kwake kabisa, kwa hiyo itabaki nzima wakati gari linaungua. Ndiyo maana fyuzi hukaa ndani ya sentimita 30 kutoka betri, na kipande hicho kifupi kabla yake huvalishwa mpira wa ziada, kwa kuwa hakina mlinzi mwingine.

Hata hivyo fyuzi ya mbele si upuuzi. Injini ikiwa inaunguruma, altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) nayo hulisha shoti kutoka upande wake, hivyo ya pili mbele ina kazi. Lakini ni ya pili.

Ukubwa wa fyuzi hufuata waya kwanza, halafu ndipo unaangalia kama stata itaridhika. Stata ya injini ya petroli ya lita 2 hula ampea 150 hadi 200 inapozunguka, na zaidi kwa kufumba na kufumbua inapoanza. Fyuzi ya aina ya ANL (fyuzi kubwa ya kufungwa kwa bolti) ya ampea 250 huvumilia mshtuko huo, na waya wa shaba wa milimita 50 za mraba huibeba vizuri. Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa, ila uvalishe mpira unapopita karibu na oili na joto. Wa milimita 16 usiuguse: kwa mita 5 na ampea 200 unapoteza zaidi ya volti 1, wakati wa milimita 50 unapoteza 0.34 tu. Stata itakuwa inaguna, na lawama atabebeshwa betri asiye na kosa. Pima kwa multimita wakati mtu anapiga stata, waya mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye bolti ya stata. Ikivuka nusu volti, kagua viungo.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, nayo huonewa. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya, ufungwe kwenye bodi palipokwanguliwa rangi hadi bati jeupe, kisha upakwe grisi. Wengi hufika hapo wakaridhika, wakati ethi ya zamani iliyokuwa inafika kwenye gea boksi wameshaitoa pamoja na betri. Umeme wa stata lazima urudi, na ukikosa njia hurudi kwa kebo ya mafuta au ya gia, ukaiunguza. Rudisha waya mnene kati ya injini na bodi.

Betri ya maji ndani ya buti iwe kwenye boksi lililofungwa, lenye bomba la kutolea gesi nje, maana ikichaji hutoa haidrojeni. Mazda MX-5 ya 1989 ilitoka kiwandani na betri kwenye buti, na mabomba hayo yalikuwepo. Na swichi kuu ya kukata umeme haichukui nafasi ya fyuzi, kwani inamngoja mtu aizime. Swichi yenye nguzo mbili tu za kufungia waya, hata injini inayounguruma huenda isiizime, kwa kuwa altaneta inaendelea kulisha.

Kwa hiyo rafiki mwenye fyuzi mbele hahitaji kungoja kununua nyingine ndipo aanze. Atoe hasi ya betri kwanza, aihamishie hiyo hiyo nyuma, akate waya sentimita 20 kutoka betri, abane vichwa viwili vipya vya waya kwa mashine ya haidroliki, si kwa nyundo, na kule mbele aunge waya moja kwa moja hadi atakapopata fyuzi ya pili. Raba ya tundu aiweke siku hiyo hiyo.