Chuma hakitembezi mtu

"Dokta, si mmtie pingili ya chuma ainuke?" Kila msimu wa karafuu, wachumaji wakianguka na kupooza miguu, nalisikia hili, na safari hii nimechoka. Ndugu wa mgonjwa simlaumu. Wanaonikera ni warusha voisi wa WhatsApp: fulani kabadilishiwa uti wa mgongo, katoka anatembea.

Hakuna anayebadilishiwa ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo. Tunachobadilisha ni mfupa. Mchumaji akianguka mkarafuuni, mara nyingi inayopasuka ni pingili ya T12 au L1, pale kifua kinapokutana na kiuno, na vipande hurudi nyuma vikaukandamiza ugwe. Tunaviondoa, ugwe unapata nafasi, basi. Penye pengo tunaweka kizimba cha titaniamu kilichojazwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kisha skrubu na fito. Chuma kinashikiza tu mpaka mfupa uote ushikane, kazi ya miezi. Usiposhikana, skrubu hulegea na fito hukatika, hata zingetoka Ujerumani. Sigara huuchelewesha mfupa kushikana, ndiyo maana naiuliza kabla ya bima.



Sasa miguu. Jibu haliko kwenye chuma, liko kwenye ugwe ulivyokuwa kabla hatujaugusa. Namdunga kidole gumba cha mguu kwa pini, kisha navaa glavu nipime njia ya haja kubwa. Hapo wajomba hutoka nje kwa haya, ilhali ndicho kipimo ninachokingojea kuliko picha ya MRI: akikihisi kidole changu, au akikibana, kuna neva zingali hai. Asipohisi chochote, hata mshtuko wa ugwe, kule kuzimika kwake kwa muda baada ya ajali, ukishapita, tunampasua ili aweze kuketi, ageuzwe bila kupiga kelele, asiishie kwenye vidonda vya kitanda. Hiyo si kazi ndogo. Lakini siyo miguu.

Vitabu vinataka ugwe uondolewe mgandamizo ndani ya saa 24. Wa Pemba huweza kunifikia siku ya tatu. Bado nampasua mwenye hisia, na wengine huimarika. Ila ni kisu kilichowainua, au wangeinuka wenyewe? Siapi.

Ninachoweza kuapia ni ubao. Msimbebe mtu mzegamzega. Mlazeni juu ya mlango, watu wanne, kichwa na kiuno mstari mmoja. Na kabla ya boti kuondoka Mkoani, Pemba, muuguzi amtie mpira wa mkojo: hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni saa kadhaa, na kibofu chake hakimwambii tena kuwa kimejaa.