Jeni zinazohama: maswali na majibu

Swali: Si jeni hukaa mahali pamoja maisha yote?

Nyingi hukaa. Lakini viko vipande vya DNA viitwavyo transposoni, ambavyo huondoka sehemu moja ya kromosomu na kujipachika kwingine. Aliyevigundua ni Barbara McClintock wa Marekani, katika miaka ya 1940, akichunguza mahindi yenye madoadoa. Kipande kikiingia katikati ya jeni ya rangi, punje hukosa rangi. Kikitoka katika seli moja, seli zote zinazozaliwa na hiyo hupata rangi tena, na hapo doa huonekana. Wanasayansi wengi walichelewa kumwelewa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983, akiwa na miaka 81.

Swali: Vinahamaje?

Baadhi hukatwa kabisa na kimeng'enya chao wenyewe, kisha hupachikwa penginepo. Vingine haviondoki: hutengeneza nakala ya RNA, molekuli inayofanana na DNA, nakala hiyo hugeuzwa kuwa DNA, na DNA hiyo mpya ndiyo inayopachikwa. Njia hii ya pili huviongeza kila mara, na ndiyo iliyotujaza. Karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vinavyohama.

Swali: Kwa hiyo vinaruka mwilini mwangu sasa hivi?

Karibu vyote vimeshaharibika. Kundi liitwalo L1 lina nakala kama 500,000, lakini zenye nguvu ya kuhama kwa mtu mmoja ni takriban 80 hadi 100, na seli huzibana zisifanye kazi.

Swali: Vinaweza kuleta ugonjwa?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Mwaka 1988 watafiti walieleza habari za wagonjwa wawili wa himofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, ambao L1 ilikuwa imejipachika ndani ya jeni yao ya kugandisha damu. Wazazi wao hawakuwa na kasoro hiyo, ilikuwa mpya. Nalisema hili kwa sababu akina mama wengi hulaumiwa mtoto akizaliwa na ugonjwa wa jeni. Hakuna alichokula wala alichofanya mama kilichokiita kipande kile.

Hata kipande kisichohama tena kinaweza kudhuru. Tuna nakala zaidi ya milioni moja za Alu, kundi jingine la vipande hivi, zinazofanana sana. Kromosomu zinapobadilishana sehemu, Alu moja inaweza kudhaniwa kuwa nyingine, na DNA iliyo kati yake ikapotea au ikajirudia. Baadhi ya kasoro za jeni ya BRCA1, inayohusiana na saratani ya matiti na ya ovari, hutokea hivyo.

Swali: Antibiotiki zinaingiaje katika habari hii?

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Bakteria nao wana transposoni, na baadhi hubeba jeni za kushinda dawa. Transposoni huruka kutoka kromosomu hadi kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA, kisha bakteria humpitishia jirani yake nakala ya plasmidi hiyo, hata kama jirani ni wa spishi nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni mcr-1, inayopunguza makali ya kolistini, dawa ya akiba kwa maambukizi yaliyoshinda dawa nyingine. Ilikuwa kwenye plasmidi, tayari kusafiri.

Plasmidi moja inaweza kukusanya jeni za usugu wa dawa kadhaa. Ukimeza dawa mojawapo bila sababu, tuseme kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi, unawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye plasmidi hiyo. Usugu dhidi ya dawa ambazo hujawahi kuzigusa nao huongezeka.

Swali: Nikiacha kumeza antibiotiki bila sababu, bakteria sugu wataondoka?

Mara nyingi hupungua taratibu, lakini wanaweza kubaki tumboni kwa miezi. Kwa hiyo ukiugua, mtajie daktari antibiotiki zote ulizotumia hivi karibuni, hata zile ulizopewa na jirani. Jibu lako linaweza kubadilisha dawa atakayokuandikia.