Chembe kupungua kasi karibu na ukuta si kunata

Mwingiliano wa haidrodinamiki ni huu: chembe ikijongea ndani ya kimiminika huzua mkondo, mkondo hufika kwenye mpaka, mpaka huupinda, na mkondo uliopindwa hurudi kuigusa chembe kama kani. Basi. Katika maelezo hayo chembe na mpaka havijakutana, lakini kila chembe inayokwenda polepole karibu na kioo cha hadubini huandikiwa kuwa "imenata" au "inavutwa na ukuta".

Tazama umbali kwanza. Katika maji yenye chumvi milimola 1 kwa lita, kani za umeme kati ya chembe na kioo hufifia kwa kipimo cha nanomita 10 hivi. Mwingiliano wa haidrodinamiki hupungua taratibu mno, kwa uwiano wa a/h, ambapo a ni nusukipenyo na h ni umbali kutoka kitovu cha chembe hadi ukutani. Hesabu ya mwanafizikia Faxén ya mwaka 1922, kwa mwendo ulio sambamba na ukuta mgumu, inaanza na upungufu wa wepesi (kasi ambayo chembe hupata kwa kani ileile) wa 9a/16h. Kwa mwendo wa kuukaribia au kuuacha ukuta, upungufu ni maradufu: 9a/8h. Chembe ya kipenyo cha mikromita 1, kitovu chake kikiwa mikromita 2.5 kutoka kioo, hupoteza takriban asilimia 11 ya wepesi wake sambamba na asilimia 22 wima. Pengo lililobaki ni mikromita 2. Imenata na nini?

Chembe za silika za ukubwa huo ndizo huponza wengi. Uzito wake majini huziacha zikielea kwa wastani wa karibu mikromita 0.8 juu ya kioo, kwa hiyo mtawanyiko wake wa sambamba (kasi ya kusambaa kwake kwa kutangatanga) uko chini kwa kama moja ya tano daima. Asiyeliweka hilo kwenye hesabu atahitimisha kwamba maji yamekuwa mazito, au kwamba lebo ya chupa imedanganya kipenyo.

Wala haivutwi. Mwingiliano huu hubadilisha muda wa chembe kufika mahali, si uwezekano wa kuikuta hapo katika hali ya msawazo, yaani mfumo ukiisha kutulia. Uwezekano huo huamuliwa na nishati, kama vile uzito na umeme.

Mpaka ukiwa kati ya maji na hewa safi, mambo hugeuka: chembe huongeza wepesi wa sambamba kwa 3a/8h, huku wima ikipoteza 3a/4h. Kama kilicho ng'ambo ni kimiminika kingine, nyongeza hiyo ya sambamba hutoweka mnato wake (ukinzani wake wa kutiririka) unapofika theluthi mbili za mnato wa upande wa chembe, na zaidi ya hapo huwa upungufu. Tabaka la sabuni lisilobanika juu ya maji hushusha nyongeza ya sambamba hadi 3a/16h na kufanya wima iwe kama ya ukuta mgumu. (Vipimo vingi vya "uso safi" vimeharibikia hapa.)

Utando wa unyumbufu, kama wa seli, una kumbukumbu. Chembe ikiusukuma, utando hujikunja, kisha hujinyoosha baadaye na kuisukuma chembe. Kwa mitikisiko ya haraka sana utando hauhisiki. Kwa ile ya polepole hufanana na ukuta mgumu. Katikati, mtawanyiko huzorota kwa muda. Muda wa kumbukumbu ya mkato (utando kuvutwa kando) hukua kwa uwiano wa h, ila ule wa kupinda utando hukua kwa h kipeo cha tatu: umbali ukiwa maradufu, subiri mara nane. Ndiyo maana kamera ya polepole huweza kuutangaza utando kuwa ukuta.

Unyumbufu pia huleta kani ya kuinua. Tufe linaloteleza kando ya ukuta mgumu, pale inesha (ukaidi wa kimiminika kubadili mwendo) isipohesabika, haliinuliwi. Ukuta laini hubonyea kwa namna isiyolingana mbele na nyuma, na tufe husukumwa mbali kwa kani inayokua, mbonyeo ukiwa mdogo, kwa mraba wa kasi.

Kabla ya kuandika "imenata", chora wastani wa mraba wa uhamisho (umbali ambao chembe imesogea kutoka ilipoanza) dhidi ya muda. Chembe iliyonata kwelikweli hutoa mstari bapa, kwenye kimo cha kosa la kupima mahali pake. Mstari ukiendelea kupanda, hata kwa mteremko mdogo, chembe iko huru. Kinachopaswa kuripotiwa ni h.