Tiketi ya Maili Inapita Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Viwanja vya Kuunganisha Ndege

Ukiwa na maili (pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa wateja wao na ambazo hununua tiketi) za kutosha kwenye akaunti yako na ukatafuta safari ya Dar es Salaam hadi Toronto, au Nairobi hadi Minneapolis, skrini itakuletea njia za kila namna: Addis Ababa, Istanbul, Doha, Amsterdam, na nyingine zinazozunguka viwanja vitatu. Wengi hutazama idadi ya maili, huchagua ndogo kuliko zote, kisha hubonyeza. Lakini uwanja wa kuunganisha ndio unaoamua utatoa fedha kiasi gani juu ya maili zako, utadaiwa viza gani, na nani atawajibika ndege ya kwanza ikichelewa. Haya ndiyo yanayosemwa mitaani, na jinsi mambo yalivyo hasa.

“Sitoki nje ya uwanja, viza ya nini?”

Tuanze na hii, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wageuzwe kaunta huku mabegi yameshapimwa. Maili unaweza kurudishiwa, ukikatwa ada kidogo. Harusi ya mdogo wako haitakusubiri.

Kila nchi ina sheria yake kwa anayepita tu. Marekani haina utaratibu wa kupita bila kukaguliwa: hata kama unashuka Miami ili upande ndege ya Jamaika, utapita uhamiaji, na lazima uwe na kibali cha kuingia. Uingereza nayo inawataka raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na viza ya kupita hata wakibaki ndani ya uwanja wa Heathrow, London. Kuna misamaha, mfano kwa mwenye viza halali ya Marekani au Kanada, lakini isome kwa makini kabla ya kukata tiketi, si ukiwa kwenye foleni. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo katika orodha ya pamoja ya wanaotakiwa viza ya kupita uwanjani. Wakenya na Watanzania hawamo katika orodha hiyo, ingawa nchi mojamoja zina ruhusa ya kuongeza majina yao.

Mtego mkubwa zaidi hautajwi sana. Air France na KLM zinatumia mpango mmoja wa maili, Flying Blue, kwa hiyo mfumo unaweza kukupa Nairobi–Paris–Amsterdam–New York. Mtu anasema moyoni: napita tu. Kisheria, ndege ya Paris kwenda Amsterdam ni safari ya ndani. Ili uipande lazima uingie Schengen pale Paris, na hapo unahitaji viza kamili ya Schengen, si ya kupita. Mfumo wa maili hauulizi pasipoti yako ni ya wapi, unauza viti tu. Ukiona viwanja viwili vya Schengen vimefuatana katika safari ya kwenda nje ya Schengen na huna viza hiyo, achana na njia hiyo hata ikiwa ya maili chache.

Familia za ughaibuni huumizwa hapa zaidi, kwa sababu baba anakata tiketi kwa kufikiria pasipoti yake ya Kanada, wakati mama anasafiri na ya Tanzania. Angalia pasipoti ya kila abiria.

“Tiketi ya maili ni bure, kodi ni ileile popote upitapo”

Si ileile. Juu ya kodi za serikali na ada za viwanja, mashirika mengine huongeza tozo lao wenyewe, na British Airways inajulikana kwa tozo zito. Mipango mingine hailipitishi kwako. Aeroplan ya Air Canada, kwa mfano, haikutozi tozo hilo unapopanda ndege ya shirika mshirika kama Ethiopian. Unalipa kodi, pamoja na dola 39 za Kanada za kukata tiketi ya mshirika. Kwa hiyo safari mbili za kwenda mji uleule, zenye maili zinazokaribiana, moja kupitia London na nyingine kupitia Addis, zinaweza kupishana mamia ya dola.

Uingereza ina ushuru wa abiria ambao hupanda kadiri daraja la kiti linavyopanda. Anayeunganisha tu Heathrow ndani ya saa 24 kwa tiketi moja hatozwi. Anayeanzia safari huko hutozwa, na ujanja wa kupanda kwanza ndege fupi ya Birmingham hadi Amsterdam haumsaidii kama tiketi ni moja, kwani kinachohesabiwa ni mwisho wa safari, yaani Nairobi.

“Njia ndefu hula maili nyingi”

Inategemea mpango. Kwa Avios, maili zinazotumiwa na British Airways na Qatar Airways, umbali ndio unaopanga bei, na kituo cha ziada mara nyingi huongeza gharama. Aeroplan hutazama kanda na umbali wa safari nzima, kwa hiyo kuzunguka kidogo kunaweza kusibadilishe chochote mpaka uvuke ngazi inayofuata. Bei za Flying Blue hupanda na kushuka kama nyanya sokoni, na siku nyingine kupitia Paris ni nafuu kuliko kuishia Amsterdam moja kwa moja.

Hapo ndipo saa 24 zinapokuwa na maana. Chini ya hizo, katika safari ya kimataifa, unahesabiwa unapita. Zikizidi, umefanya mapumziko ya njiani. Flying Blue inaruhusu mapumziko hayo bila kuongeza maili, Aeroplan inadai pointi 5,000. Anayerudi Tanzania akumbuke pia cheti cha homa ya manjano: akikaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, na Kenya na Ethiopia zimo, anaweza kudaiwa.

“Maili ni maili, nitazitumia shirika lolote”

Mashirika mengi hujiunga katika miungano inayopokeana maili: Kenya Airways imo SkyTeam, Ethiopian na Turkish zimo Star Alliance, Qatar Airways imo oneworld, na Oman Air ilijiunga na oneworld mwaka 2025, jambo jema kwa wenye ndugu Muscat. Emirates haimo katika muungano wowote. Maili za Emirates ya Dubai hazikununulii kiti cha Qatar Airways kupitia Doha.

“Saa chache uwanjani ndiyo safari nzuri”

Kwanza hakikisha uwanja ni mmoja. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. London na New York nazo zina vingi, na kuhama kutoka kimoja hadi kingine ni kuingia nchini, mizigo mkononi.

Ukiingia Marekani, kwa kawaida unachukua begi lako katika uwanja wa kwanza, unapita forodha, kisha unalikabidhi tena. Saa moja na nusu katika uwanja wa JFK, New York, ni kujitakia mbio. Abu Dhabi ni tofauti: uhamiaji wa Marekani uko palepale tangu 2014, hivyo unakaguliwa kabla ya kupanda na unashuka Marekani kama abiria wa ndani.

Halafu kuna Addis. Watu hushangaa ndege ya Ethiopian kwenda Washington inapotua njiani kunywa mafuta, wakati inaporudi huja moja kwa moja. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao. Saa hizo ziingize kwenye hesabu yako.

“Tiketi ya maili haina haki, wamekupa zawadi”

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba abiria wa tiketi za mipango ya maili wamo. Inahusu ndege yoyote inayoondokea Umoja wa Ulaya, na pia shirika la Ulaya linalokupeleka huko. Ukikosa kuunganisha Amsterdam kwa kosa la KLM, ukafika mwisho wa safari ya mbali umechelewa kupita kiasi kilichowekwa, fidia inaweza kufika euro 600, hata kama kiti ulikilipia kwa maili.

Sharti ni tiketi moja. Ukiunganisha mwenyewe tiketi mbili, KLM hadi Dar na Air Tanzania jioni ileile hadi Mwanza, KLM haina wajibu wowote kwa hicho kipande cha pili. Lala Dar, upande ndege ya asubuhi.